Mizani ilisema kilo mbili, daftari la vipimo likasema inchi nne na nusu

Dada yangu mkubwa aligundulika na kisukari akiwa na miaka 51, na kwetu hakuna aliyeelewa imekuwaje, kwa sababu dada hajawahi kuitwa mnene hata siku moja. Mikono myembamba, miguu myembamba, shingo ndefu. Hapa Kigoma ukitaja sukari, macho ya watu yanamtafuta mwenye mwili mkubwa. Daktari wake akatuagiza sisi wa tumbo moja twende tukapime bila kungoja dalili. Nikaenda.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda eneo la Mwanga hapahapa mjini, nina miaka 43 na kimo changu ni sentimita 160. Kituo cha afya walinitoboa kidole asubuhi kabla sijala kitu, wakapata 6.4, yaani milimoli za sukari kwa lita ya damu. Muuguzi alikaa akanieleza, na namshukuru hadi leo, maana foleni ilikuwa ndefu na angeweza kuniandikia namba na kuita mwingine. Sukari ya mtu ambaye hajala tangu usiku ikiwa chini ya 6.1 ni ya kawaida. Ikifika 7.0 na kuendelea, ikirudiwa ikathibitika, hicho ni kisukari. Mimi nilikuwa katikati, mahali ambapo mtu bado ana nafasi ya kugeuza mambo. Kisha nikapanda mizani: kilo 68. Akagawa 68 kwa 1.60, akagawa tena kwa 1.60, akapata 26.6, akatazama jedwali la ukutani. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 uzito uko sawa, 25 hadi 29.9 umezidi, 30 na zaidi ni unene uliopita kiasi. "Umezidi kidogo tu, dada," akasema.

Nilishaanza kuvaa viatu, tabibu akaniita nisimame mbele yake. Akatafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akapitisha futi kamba katikati ya hapo, akaniambia nitoe pumzi kama kawaida, nisivute tumbo. Sentimita 96. Akasema hiyo ndiyo namba inayonihusu kuliko ile ya mizani. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya kisukari, presha na magonjwa ya moyo inaanza kupanda, kikipita 88 inapanda sana. Kwa mwanaume mipaka ni 94 na 102.

Nilirudi kibandani nikatoa daftari langu la vipimo. Huwa najishonea nguo zangu mwenyewe, kwa hiyo vipimo vyangu vya miaka vimo humo pamoja na vya wateja. Mwaka 2016, nilipojishonea gauni la harusi ya mdogo wetu, kiuno kilikuwa inchi 33. Uzito wa wakati ule naujua pia kwa sababu umeandikwa kwenye kadi yangu ya uzazi wa mpango: kilo 66. Sasa nikajipima palepale nilipokuwa nikijipima siku zote, nikapata inchi 37 na nusu. Kwa miaka yote hiyo mizani ilikuwa imeongeza kilo mbili, na kiuno kimeongezeka inchi nne na nusu. Kitu kingine nilichokiona kwenye kurasa hizohizo kilinishtua zaidi: mzunguko wa mkono wa juu, ule tunaoupimia mikono ya blauzi, ulikuwa umepungua.

Hesabu haikuwa ngumu baada ya hapo. Kama mikono imepungua, tumbo limeongezeka na jumla imebaki karibu palepale, basi kuna kitu kimetoka na kitu kingine kimeingia mahali pake. Kilichotoka ni misuli, kilichoingia ni mafuta. Na nikitazama nyuma naona kilivyotoka. Zamani nilikuwa nalima na mama msimu wa maharage, nachota maji, nakanyaga pedali ya cherehani tangu asubuhi hadi magharibi. Maji yakaja bombani, shamba akapewa mtu mwingine, nikafunga mota kwenye cherehani. Wataalamu wanakadiria kwamba kuanzia miaka ya thelathini mwili usiofanyishwa kazi hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi. Mizani haina namna ya kukuambia hilo, kwa kuwa inajumlisha maji, mifupa, misuli, mafuta na ugali wa jana usiku, inakupa namba moja.

Hata ile hesabu ya kugawa uzito kwa kimo, BMI, haikutungwa kwa ajili ya kumpima mgonjwa mmoja aliyesimama mbele ya daktari. Chimbuko lake ni Adolphe Quetelet, mwanahesabu wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii. Jina la BMI lililetwa na Ancel Keys wa Marekani mwaka 1972. Inafaa sana ukitaka kulinganisha maelfu ya watu, na hata kwa mtu mmoja ni mwanzo mzuri. Ila mbeba mizigo wa bandarini mwenye misuli mizito anaweza kuandikiwa "umezidi" huku mtu kama dada yangu akiandikiwa "sawa". Mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, hayana madhara makubwa kama yale ya ndani ya tumbo yanayozunguka ini na utumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayofanya insulini, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, ifanye kazi kwa shida, na mtu anaweza kuwa nayo huku mikono yake ni miembamba kabisa.

Haya yote sikuyajua wakati ule. Nilichokuwa nacho ni hofu, na hofu ikanipeleka kwenye utaratibu uliokuwa ukizunguka kwa akina mama wa mtaani: asubuhi chai ya rangi isiyo na sukari, mchana tango na nusu parachichi, usiku uji mwepesi. Kilo zilianguka haraka mno. Za mwanzo nyingi ni maji tu, kwa sababu wanga ambao mwili unauweka akiba kwenye ini na misuli hukaa na maji yake, karibu gramu tatu za maji kwa kila gramu moja. Mtu asiyejua hilo anaona mizani imeshuka ndani ya wiki anadhani dawa imepatikana. Nilifika kilo 61.

Nisifiche yaliyofuata. Kuna waliosema nimependeza, na kuna walioniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Kwetu mtu akipungua haraka watu wanawaza virusi kabla ya kuwaza chakula, na maneno hayo yalimfikia mume wangu akiwa kazini. Mama mkwe alituma jogoo kutoka Ujiji na ujumbe kwamba nimle mwenyewe, nisiwagawie watoto. Nikawa naona kizunguzungu nikiinuka kwenye cherehani. Siku moja jora la kitambaa ambalo siku zote nalishusha mwenyewe kutoka kwenye gari lilinishinda, ikabidi kijana wa bodaboda anisaidie, na hapo ndipo nilipopata woga wa kweli.

Nikajipima. Kilo saba zilikuwa zimetoka, lakini kiuno kilikuwa 91, kimepungua sentimita tano tu. Mikono na mapaja ndiyo yaliyokwisha. Sukari ya asubuhi, 6.2. Kwa jedwali la ukutani nilikuwa nimepona: 61 kwa kimo changu ni 23.8, sawasawa kabisa. Mwilini nilikuwa dhaifu kuliko nilivyoanza. Mwili ukinyimwa chakula kwa ghafla, tena bila protini ya kutosha na bila kazi ya kuishughulisha misuli, unakula mafuta na unakula misuli pia. Mizani inakusifia kwa vyote viwili.

Nikaamua kutafuta kipimo kinachotenganisha mafuta na misuli. Ukumbi mmoja wa mazoezi hapa mjini una mizani ya kusimama pekupeku inayopitisha umeme mdogo usiousikia. Ikasema mafuta asilimia 36. Siku chache baadaye nilisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam kununua vitambaa, na pale Kariakoo kuna watu wanapima "mwili mzima" kwa shilingi elfu kumi. Nikashuka safarini nimechoka, sijanywa maji ya maana, nikapima. Mashine ikatoa karatasi: mafuta asilimia 41, na chini yake "umri wa mwili: miaka 58". Yule dada aliyenipima hakuwa hata amemaliza kuisoma, tayari ametoa makopo ya unga wa lishe kabatini. Kifurushi cha mwezi mmoja, shilingi 280,000. Nilinunua kopo moja kwa elfu tisini na tano, fedha iliyokuwa ya vitambaa. Kurudi nilipanda treni, na usiku nikaitoa ile karatasi nikaisoma tena kwa tochi ya simu. Miaka 58. Nililia.

Kwa hiyo naomba anayesoma haya aelewe mashine ile inafanya nini kabla hajaisimamia. Haipimi mafuta. Inapitisha umeme mdogo na kupima jinsi mwili unavyouzuia. Misuli imejaa maji, karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo umeme unapita kwa urahisi. Mafuta yana maji kidogo, yanazuia. Kutokana na kizuizi hicho, pamoja na kimo, uzito, umri na jinsia uliyowaambia, mashine inakisia mafuta kwa fomula aliyoiweka mtengenezaji. Ukiwa umekaukiwa maji, umeme unapita kwa shida, na mashine inadhani wewe ni mafuta zaidi. Mimi niliipanda baada ya safari ya basi kutoka Kigoma. Ukitoka mazoezini, ukitoka kula, ukiwa kwenye siku zako, namba inacheza. Mashine mbili za kampuni mbili zina fomula mbili. Na "umri wa mwili" si kipimo cha hospitali. Ukionyeshwa karatasi yenye namba hiyo na mtu huyohuyo anakuuzia kopo, weka pochi yako ndani.

Sisemi mashine haina faida. Ileile moja, saa ileile, asubuhi kabla ya kula, umeshakojoa, hujatoka kukimbia, inaweza kukuonyesha kama unapanda au unashuka kadiri miezi inavyokwenda. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo asiipande kabisa, na mjamzito asubiri ajifungue.

Aliyenitoa gizani ni mteja wangu, afisa lishe. Alikuja kupima sketi, akaona nimeshikilia meza ninapoinuka, akaniuliza. Nikamweleza yote, hadi kopo. Yeye amefanya kazi Kasulu, upande wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huko kifaa chake kikuu kilikuwa utepe wenye rangi tatu wa kuzungushia mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali, anaanza matibabu leo. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo kijani. "Hauna betri wala fomula," aliniambia, "lakini ukipima vibaya kwa nusu sentimita unamrudisha nyumbani mtoto aliyepaswa kulazwa." Ndiyo maana alikuwa mkali sana kuhusu jinsi ya kupima, na ukali huo ndio uliokuja kunifaa.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua futi kamba yangu ya kazi, ile iliyoning'inia shingoni, na kuniambia niazime tepu ya chuma kwa seremala wa jirani. Tukazilaza sambamba mezani. Sentimita 100 ya futi kamba yangu iliangukia kwenye 101 na nusu ya chuma. Plastiki inavutika kadiri inavyotumika, na iliyovutika inasoma pungufu: inakuambia 94 wakati wewe ni zaidi ya 95. Nilinunua mpya siku ileile kwa shilingi elfu moja na mia tano, nikaiweka kwenye droo iwe ya kupimia mwili tu. Kama futi kamba yako ni ya siku nyingi, ilinganishe na rula au tepu ya chuma kabla hujaiamini.

Kisha mahali pa kupimia. Sisi mafundi tunapima kiuno pale panapobana zaidi, au pale mteja anapotaka sketi ikae, na kwa kushona ni sahihi. Kwa afya ni tofauti: gusa ubavu wa mwisho pembeni, gusa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka alama ya kalamu katikati, pitisha futi kamba hapo kuzunguka mwili. Simama miguu ikiwa imeachana kidogo, mikono pembeni. Futi kamba iwe juu ya ngozi, isipite juu ya khanga, na iwe sawa mbele na nyuma. Nyuma ndiko inakoteleza kwenda chini, kwa hiyo tumia kioo au mtu. Iguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi ya kawaida, soma. Rudia, na zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, anza upya. Mimi nimepima viuno vya watu tangu usichana na naweza kusema karibu kila mtu anavuta tumbo ndani futi kamba ikimgusa, wanaume kuliko wanawake. Mwache apumue, mzungumzishe, ndipo usome.

Asiye na futi kamba atumie kamba ya kawaida. Kata kamba yenye urefu wa kimo chako, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Ikifika na ncha kukutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya kimo, na hapo ndipo panapotakiwa. Isipofika, una kazi ya kufanya. Kwa kimo changu nusu ni 80.

Afisa lishe alikuwa pia na kibanio cha plastiki cha kupimia unene wa mafuta chini ya ngozi. Anafinya ngozi na mafuta yake, anayavuta mbali na msuli, anabana, anasoma milimita: mbele ya mkono wa juu, nyuma yake, chini ya mfupa wa bega, na juu ya mfupa wa nyonga. Jumla yangu ilikuwa 78. Nikamwuliza hiyo ni asilimia ngapi, akakataa kuanza na asilimia. Jedwali la sehemu hizo nne, la Durnin na Womersley la mwaka 1974, lilitengenezwa kwa kuwapima watu 481 wa Glasgow, na msingi wake ni kuwapima watu uzito wakiwa wamezama majini, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji na misuli ni mizito zaidi. Ni kazi ya heshima, akasema, lakini asilimia utakayoipata ni makadirio juu ya makadirio. Milimita ni zako mwenyewe. Andika milimita, pima tena baada ya mwezi mmoja au miwili, mtu yuleyule na kibanio kilekile. Kuna kipimo cha DEXA kinachotumia eksirei za nguvu mbili tofauti kutenganisha mfupa, misuli na mafuta, tena kwa mionzi kidogo sana, na ndicho madaktari wengi wanachokiegemea. Mimi sikukihitaji ili kujua la kufanya.

La kufanya lilikuwa kula zaidi ya nilivyokuwa nakula na kuifanyisha misuli kazi. Kula zaidi kuliniogopesha, nakiri, kwa sababu nilijua mizani itapanda. Kwetu chakula kikuu ni ugali wa muhogo, na muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Ukiula na mchuzi mwekundu wa mawese na vipande viwili vya samaki unashiba bila kuipa misuli kitu. Bahati yetu ni ziwa. Dagaa wakavu wa Kibirizi, kwa uzito uleule, wana protini nyingi kuliko nyama mbichi ya buchani. Afisa lishe alinipangia gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, kama gramu 75 kwa siku, nikaigawa: yai au maharage asubuhi, dagaa au migebuka mchana, maharage na mboga usiku, ugali nusu ya nilivyozoea. Hapo niseme kwamba figo zangu ni nzima. Mwenye shida ya figo asiongeze protini bila daktari wake. Mawese sikuyaacha, siwezi kuyaacha, ila sasa nayapima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina karibu kalori 120, na mimi nilikuwa namimina vijiko vitano au sita kwenye sufuria ya watu wanne.

Kwa misuli sikulipa ukumbi. Nachuchumaa na kuinuka nikiwa nimekumbatia ndoo ya maji, naanzia lita tano, sasa nabeba kumi. Nasukuma ukuta, baadaye nikashuka kwenye meza. Nainua madumu mawili kutoka chini, mgongo umenyooka. Mara mbili au tatu kwa wiki, hadi misuli ichoke kweli. Siku nyingine natembea, na Kigoma haina haja ya mashine ya kukimbilia: nashuka hadi stesheni ya reli, napandisha Lumumba kurudi Mwanga. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi ya misuli siku mbili au zaidi. Mota ya cherehani niliibakiza kwa kazi za haraka. Mishono mingine nimerudi kwenye pedali.

Miezi ya mwanzo mizani ilipanda, 62, 63, na kila ilipopanda moyo ulishuka. Kilichonizuia kurudi kwenye chai ya rangi ni lile daftari. Kiuno 89. Kiuno 88. Mkono umeongezeka robo inchi. Jora nikalishusha mwenyewe. Leo, baada ya mwaka na kitu, nina kilo 64, kiuno 85, milimita za kibanio 63, sukari ya asubuhi 5.5. Kwa jedwali la ukutani 64 ni 25.0 kamili, yaani nimerudi kwenye "umezidi", na kwa jedwali hilohilo nilikuwa bora zaidi nilipokuwa siwezi kubeba kitambaa. Na 85 bado iko juu ya 80. Sijamaliza.

Dada yangu nilimfuata nyumbani kwake Ujiji nikiwa na futi kamba ile mpya. Kilo 59, kimo sentimita 163: BMI 22.2, mtu aliye sawa kabisa. Kiuno chake kilikuwa 92. Alikaa kitandani akiwa ameishika ile futi kamba mkononi, akaniambia kwamba tangu agundulike watu wamekuwa wakimwuliza amemkosea nani, na kwamba yeye mwenyewe alishaanza kuamini ametupiwa kitu. Nikamweleza habari ya mafuta ya ndani kama nilivyoelezwa mimi, polepole, mara mbili. Sasa anatumia dawa zake, anabeba ndoo zake, na tunapimana kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kabla ya chai. Kiuno chake kimefika 88. Yeye dozi zake anazirekebishiwa kliniki, kwa sababu anayemeza dawa za sukari akianza kupungua na kufanya mazoezi, sukari inaweza kushuka mno kama dozi imebaki ileile.

Ukienda kliniki wakakupima uzito peke yake, omba wakupime na kiuno. Ni dakika moja, haiongezi bili, na mimi sijawahi kukataliwa. Omba waandike kwenye kadi, na andika pia kwako pamoja na tarehe. Kama unapungua na hujabadilisha chakula wala kazi, usifurahie. Nenda ukaonwe wiki hiyohiyo. Na kama una watoto wadogo nyumbani, ule utepe wa rangi tatu unapatikana kliniki ya watoto na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwambie mhudumu akuonyeshe katikati ya mkono ni wapi, maana hata huko watu wanakosea kwa kupima karibu na kiwiko.